Maziwa ya Buluu

Asubuhi ya Jumanne moja, Mei 1994, Dominika alikaa jikoni kwake Kilema, akampa mwanawe Kornel ziwa, na maziwa yakatoka ya buluu, kama maji ya kusuuzia mashati meupe. Mtoto aliyanyonya kama kawaida.

Mkwewe, Margareta, aliacha kumenya ndizi akatazama.

"Jana ulikula nini?"

"Ugali, mama."

"Na juzi?"

"Mtori wa ndizi. Maziwa yalikuwa meupe."

"Basi ziwa halina kosa. Ni yale mahindi ya Basili wa gulioni. Wewe nyonyesha, ila ugali wake uache."

Kornel alikuwa na miezi sita na uzito wa mtoto wa miezi mitatu. Kliniki walimwambia Dominika ajitahidi kula, naye alijitahidi: ndizi zilikuwa haba mwaka ule, akawa anakula ugali mchana na jioni karibu kila siku kwa ajili ya mtoto. Alipolikumbuka hilo machozi yalimlengalenga, kisha hasira ikayakausha.

Siku ya gulio alimbeba Kornel mgongoni akateremka hadi Kiboriloni, kwenye magunia ya Basili. Alichota mahindi kiganjani, akayakamulia matone mawili ya maziwa yake. Punje zikageuka buluu.

"Yalinyeshewa kidogo tu njiani, mama," Basili alisema. "Ukungu ukishasagwa hauonekani."

"Kwangu unaonekana."

Amne, muuza vitenge wa meza ya jirani, mwenye kichanga cha wiki nane, akasogea akajaribu gunia la pili. Buluu. Kufikia adhuhuri wanyonyeshao walikuwa thelathini na mmoja, wamepanga foleni, na wapagazi wakawapisha. Kati ya magunia sitini, manne tu hayakubadilika rangi. Waliyanunua hayo, wakagawana, wakapanda mlima wakiimba, Dominika mbele.

Tangu siku hiyo hakuna mama aliyenunua mahindi pale kabla ya kuyakamulia. Agosti, nesi alimpima Kornel, akatazama mzani, akampima tena.

"Unampa nini huyu?"

"Ziwa," Dominika alijibu, kichwa juu.

Basili hakugombana na mtu. Kila gulio, magunia yaliyokataliwa aliyapeleka mashineni, yakakobolewa, yakasagwa, unga ukatoka mweupe pe. Uliuzwa kwenye maduka ya tambarare, na kila wiki ulikwisha kabla ya Jumapili.