Pipa Lisilopitisha Hata Hewa

Mama Bucha aliamka na furaha ya kipumbavu. Alijua ni ya kipumbavu, maana moto wenyewe ulikuwa haujawashwa, lakini furaha haikumwomba ruhusa. Alipiga mswaki huku akicheka peke yake. Alivaa aproni kinyume, akaivua, akaivaa tena kinyume vilevile, akaona isiwe taabu.

"Baba, amka! Moshi unatungoja."

"Moshi haujazaliwa bado," mumewe alijibu, uso umezama kwenye mto.

"Ndiyo maana nakuamsha ukauzalishe."

Mumewe alikuwa seremala, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Mama Bucha mwenyewe alikuwa na bucha ya chumba kimoja kando ya barabara: meza ya marumaru, ndoano sita, mzani, na kisu kilichonolewa miaka kumi na tisa mpaka kikabaki chembamba. Wateja walikuwa wakipanga foleni hadi mlangoni. Kisha mwaka jana likafunguliwa duka kubwa upande wa pili wa barabara, lenye majokofu ya vioo na taa, nyama imefungwa kama zawadi. Wateja wakahama mmoja mmoja. Wengine walipita mbele ya bucha wakijifanya hamnazo, mfuko wameuficha upande wa pili wa mwili, kana kwamba Mama Bucha hajui umbo la kilo mbili za nyama.

Mwezi huu maji yalimfika shingoni. Alimwendea mwenye nyumba, akamwambia atarudisha ufunguo wa chumba mwisho wa mwezi. Hakumwambia mumewe. Kila jioni alipanga kumwambia, na kila jioni alipika chakula badala yake.

Siku mbili baadaye akaingia mwenye hoteli, mtu mnene anayependa kula kuliko kuuza chakula. Alilalamika kwamba nyama ya mji mzima ina ladha moja. Angepata nyama iliyokaushwa kwa moshi wa kuni, laini, yenye harufu yake, angeichukua kila wiki.

"Mimi nitakutengenezea," Mama Bucha alisema kabla ya kufikiri.

"Jumamosi ya wiki ijayo saa kumi nitapita kuonja. Nikiipenda, kazi ni yako. Nisipoipenda tusilaumiane."

Basi leo ndiyo hiyo Jumamosi. Nyama ikikubali, angerudi kwa mwenye nyumba na kumwambia nimebadili mawazo. Ikikataa, angevua ndoano zake ukutani.

Siku ile Mama Bucha aliposema anataka pipa la mbao la kukaushia nyama, Fundi alinyanyua kichwa kutoka kwenye mguu wa kiti aliokuwa akiuranda. Yeye siku zote alitengeneza vitanda, milango na viti, lakini ufundi aliorithi kwa mjomba wake ulikuwa wa mapipa, na tangu mapipa ya plastiki yajae madukani, ilikuwa imepita miaka saba bila mtu kumwagiza hata moja. Alifanya kazi siku tano kama mtu aliyerudishiwa ujana. Aliranda kila ubao mpaka ukakaa na mwenzake bila nuru kupenya. Akazigonga pete za chuma zikauma. Kisha akalijaza pipa maji siku mbili ili mbao zivimbe, zijikaze zenyewe.

Maji hayakutoka. Fundi aliita majirani waje kuona kitu ambacho hakitokei.

"Kaka, hata chozi!" alisema dada yake, mshonaji wa nguo, ambaye Mama Bucha alimwita wifi na ambaye hakukosa shughuli yoyote yenye kelele.

"Chozi?" Fundi alitoa kifua. "Hili halipitishi hata hewa."

Asubuhi ya Jumamosi kila kitu kilikuwa tayari uani. Kulikuwa na shimo la moto lililojengewa matofali. Bomba la bati lilitoka shimoni na kuingia chini ya pipa, na pipa lenyewe lilikaa juu ya matofali kama bibi aliyekalishwa mahali pa heshima. Ndani, Fundi alipitisha vyuma vya kutundikia. Kifuniko alikitengeneza mwisho, na kilipokaa kwenye mdomo wa pipa kilitoa mlio mdogo wa kushiba.

Mama Bucha alitundika nyama. Mapande ishirini, membamba, yaliyolala usiku kucha kwenye maji ya chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga. Wifi alisogeza magogo ya mpera. Fundi akawasha kiberiti, saa mbili kamili.

Moshi ukapanda. Ukaelekea kwenye bomba. Ukafika, ukatazama ndani, ukageuka ukarudi.

Ndani ya dakika tano wote watatu walikuwa wanalia machozi.

"Kuni mbichi," Fundi alisema.

Wakabadilisha kuni. Moshi ukawarudia usoni.

"Upepo."

"Upepo upi, kaka? Nguo kwenye kamba zimesimama kama zimepigwa picha."

"Basi wewe ndiye umesimama njiani."

Wifi akahama. Moto ukazimika kabisa. Wakauwasha tena, ukafuka, ukazimika. Saa ilipofika tatu na nusu Mama Bucha hakuwa akicheka tena. Kila Fundi alipofunua kifuniko kuchungulia, nyama ilikuwa vilevile, baridi na rangi yake ya jana, inatoa jasho.

Fundi alifunua tena. Na mara hii Mama Bucha hakutazama nyama, alitazama shimo. Makaa yaliyokuwa yanakufa yaligeuka mekundu ghafla. Moshi ukafyonzwa kwenye bomba, ukapanda ndani ya pipa, ukatoka juu kwa fujo.

"Funika," alisema.

Fundi akafunika. Makaa yakafifia.

"Funua."

Yakawaka.

"Funika!" Sasa alikuwa anarukaruka. "Baba, nimeona! Pipa lako halina pua! Moshi utaingiaje kama hauna pa kutokea? Toboa kifuniko!"

Fundi akakikumbatia kifuniko kifuani.

"Kutoboa nini?"

"Kifuniko."

"Kifuniko ni pipa. Mimi nimeshinda siku tano naziba, wewe unaniambia nitoboe? Mjomba angenionaje?"

Wifi alijaribu suluhu. Aliweka kijiwe chini ya kifuniko kiachie upenyo. Moshi ukatoka upande mmoja tu, mapande manne yakapata rangi na kumi na sita hayakupata kitu, kisha kijiwe kikateleza, kifuniko kikajifunga chenyewe kwa ule mlio wake wa kushiba. Fundi alishindwa kuficha fahari.

Hapo Mama Bucha akapiga moyo konde.

"Baba, mimi nafunga bucha. Nimeshamwambia mwenye nyumba. Mwisho wa mwezi narudisha ufunguo."

"Tangu lini?" Fundi aliuliza.

"Tangu wiki mbili zilizopita. Mwenye hoteli asipoipenda nyama hii, basi tena. Nilitaka kukwambia. Nikaona unavyofurahia pipa."

Fundi alimtazama, akakitazama kifuniko, akaondoka nacho. Mlango wa karakana ukafungwa. Mama Bucha alikaa kwenye tofali akajilaumu kwa kusema, akajilaumu kwa kutosema, akaanza kuhesabu saa zilizobaki mpaka saa kumi. Hazikutosha mtu kukaa ananuna.

Mlango ukafunguliwa. Fundi alitoka na kifuniko, bikari, penseli, keekee na karatasi ya msasa. Akaweka kifuniko juu ya benchi, akatafuta kitovu chake kwa rula mara tatu, akachora duara.

"Kaka, saa nne hiyo."

"Kama ni lazima kutoboa, tutatoboa kistaarabu."

Alitoboa. Kisha akapiga msasa ukingo wa ndani. Akapuliza vumbi. Akapiga msasa tena, akipitisha kidole kuzunguka.

"Kaka! Ni tundu la moshi, si pete ya arusi!"

Mama Bucha alicheka mpaka akashika mbavu, na kucheka huko kulimrudishia nguvu zote. Fundi alimaliza kwa kuweka kibao kidogo juu ya tundu, kilichoshikwa na msumari mmoja, cha kuzungushwa kulibana au kuliachia. Akafunika pipa. Wote wakainama mbele ya shimo, vichwa vitatu pamoja, na Fundi akawasha kiberiti.

Moshi ukaingia kwenye bomba. Wakageuka kutazama juu. Uzi mwembamba wa buluu ukachungulia tunduni, ukanyooka, ukapanda taratibu mpaka juu ya paa.

"Unatoka!" wifi alipiga yowe. "Jamani unatoka!"

Mama Bucha alimkumbatia mumewe, akamkumbatia wifi, angelikumbatia na pipa kama lisingekuwa linapata moto. Saa tano zilizofuata hakukaa chini. Alilisha moto gogo mojamoja. Alizungusha kibao, akakirudisha, akagusa mbao kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto. Kufika saa saba harufu ilishavuka ukuta. Jirani wa kwanza alikuja kuazima chumvi. Wa pili alikuja kuuliza kama chumvi imetosha. Saa nane mtu mmoja aliyekuwa anatoka duka kubwa, mfuko mkononi, alivuka barabara, akasimama getini na kuuliza hiyo nyama itauzwa lini, na safari hii mfuko hakuuficha, alikuwa amesahau kwamba anao.

Saa kumi mwenye hoteli akaingia. Fundi alifunua kifuniko kwa mikono miwili. Mapande ishirini yalining'inia mekundu meusi, yanang'aa kwa mafuta yake yenyewe. Mama Bucha alikata kipande, kisu kikapita bila kulazimishwa. Mwenye hoteli akatafuna. Akafumba macho. Akatafuna zaidi, akameza, akanyoosha mkono kuomba kingine bila kufumbua.

"Mama," alisema hatimaye, "nimekula nyama miaka hamsini. Nilikuwa napoteza muda."

Wifi alipiga vigelegele.

Lakini mwenye hoteli alikuwa ameanza kulizunguka pipa. Aligonga mbao kwa kidole. Aligusa pete. Alipiga magoti kutazama maungo.

"Nani katengeneza?"

"Mimi," Fundi alisema.

"Niuzie. Taja bei, sitapunguza. Mpishi wangu atakausha palepale hotelini, nyama itoke ya moto."

Pipa likienda hotelini, nyama ya kukausha ingetoka duka lolote lile, hata lile la vioo. Mama Bucha alimtazama mumewe, na alichokiona usoni kwake kilimuuma zaidi, kwa sababu kilikuwa furaha tupu. Miaka saba alingoja mtu aseme maneno hayo. Asingeweza kumlaumu. Alianza kujiandaa kutomlaumu.

Fundi alipitisha kiganja juu ya kifuniko, polepole, mpaka kidole kikafika kwenye tundu.

"Siuzi."

"Kwa nini?"

"Lina kasoro." Alimwonyesha. "Limetoboka hapa, unaona? Mimi ni fundi, bwana. Kitu chenye kasoro hakitoki kwangu. Kitakaa uani, mke wangu akitumie hivyo hivyo."

Wifi alifungua mdomo. Mama Bucha alimkanyaga mguu.

"Basi nitengenezee jingine."

"Foleni ni ndefu," Fundi alisema, bila kupepesa macho.

Miaka ishirini na sita ya ndoa, Mama Bucha hakuwahi kumsikia akitamka neno kasoro juu ya kazi yake. Hata kitanda kilipovunjika, alisema wenye kasoro ni waliolala. Alimpenda wakati huo mpaka akaona haya mbele ya mgeni.

Mwenye hoteli alilitazama pipa kwa huzuni, kisha akaigeukia nyama, na huzuni ikamtoka.

"Haya, Mama. Kila Jumamosi. Unaweza kuniletea mapande mangapi?"

"Arobaini," alisema, sauti ikiwa imempanda juu.

Pipa lilibeba ishirini. Fundi alimsogelea sikioni.

"La pili nitalitoboa mapema," alinong'ona, akaingia karakana kutafuta mbao.