Uvimbe Uliposhuka

Siku Romana alipokuja na habari ya kiwele, kwangu tulikuwa watu saba uani na chai bado haijaiva.

Hiyo saba ilikuwa ya kawaida. Hapa Mwamkulu anayetaka kujua nani kaposwa, nani kafumaniwa na nani kauza shamba la mkwewe, alikuwa anakuja kwa Mama Edgar, yaani mimi. Majani ya chai yangu, maneno ya wote, maziwa ya Romana. Ng'ombe wake, chotara mweusi mwenye kichwa na shingo nyeupe, tulimbatiza Sista, maana ukimwona kwa mbali ungesema ni mtawa anawahi misa. Padri alipolisikia hilo jina alicheka mpaka akavua miwani.

Sista alitokana na kikundi chetu cha akina mama wa parokia. Mwanachama akipewa mtamba, ndama jike wa kwanza atakayezaliwa anakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Aliyefuata baada ya Romana ni mimi. Uzao wa kwanza ulikuwa dume, nikameza mate. Uzao wa pili, Jumamosi ile, jike. Nilipiga vigelegele mpaka Romana akaniambia, "We Yustina, nani aliyezaa hapa?"

Siku ya nne baada ya kuzaa ndiyo akaja na ndoo nusu, na uso umemshuka.

"Robo ya nyuma kushoto imekuwa ngumu kama ubao," akasema. "Ukiigusa inachoma. Nikikamua ananirushia mateke, na kinachotoka kina mabonge kama mtindi."

"Jicho hilo," Restituta akadakia. Huyo ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Kwake hata mafua ni jicho. "Ndama jike, kiwele kimejaa, na wewe unamfunga barabarani kila mpita njia amwone. Ulitegemea nini?"

"Tumpigie Yotham," mwingine akasema. Yotham ndiye afisa mifugo wetu. Tukampigia, hapatikani. Alikuwa Kasekese kwenye chanjo, na huko kuna vilima ambavyo mtandao haujawahi kuvipanda.

Wakati huo Ngusa akawa anapita nyuma ya uzio na ng'ombe wake. Ngusa ni Msukuma, alikuja na mifugo kutoka Maswa miaka kumi na kitu iliyopita. Ni mtani wetu. Na utani wetu na Ngusa ulikuwa umekolea kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka lini mara ya mwisho tuliongea naye neno likanyooka. Akisema mvua inakuja, tunaanika mahindi.

"Nyie wala majani ya maboga," akasema, kaegemea uzio, "ng'ombe mtamjulia wapi? Haya, nisikilizeni. Huo uvimbe muuache uvimbe. Kazi yenu ni kukamua. Jua likisogea kidogo, kamua. Maji ya moto, kitambaa, kamua tena mpaka mkono ufe ganzi. Huko ndani mwili wake unapigana. Msiuingilie."

"Ungekuwa unamkanda mkeo hivyo," nikamwambia, "si angekuwepo mpaka leo?"

Watu wakaangua vicheko. Ngusa naye akacheka.

"Ng'ombe mia," Restituta akaongeza, "na wote kwa pamoja hawajazi kikombe. Ndiye aje atufundishe ng'ombe wa kisasa!"

"Mimi nimeshasema," Ngusa akasema, akapiga mluzi, ng'ombe wakaondoka naye.

Sasa hapa ndipo nilipofungua mdomo. Mwaka jana taya langu lilivimba kwa ajili ya jino, nikawa kama nimeficha embe shavuni. Nilimeza deksa, vile vidonge vidogo ambavyo wasichana wa mjini wanameza wapate mashavu na makalio. Siku mbili, uvimbe kwisha. Jino lenyewe liling'olewa baadaye likiwa limeoza mpaka mzizi, lakini hilo sikulikumbuka asubuhi ile. Nilikumbuka jinsi shavu lilivyoshuka.

"Kinachomtesa ni uvimbe," nikamwambia Romana. "Tuutoe uvimbe. Niachie mimi."

Nikaenda mwenyewe dukani. Nikasema nataka vidonge arobaini, muuzaji akahesabu akanifungia. Tukavitwanga, tukachanganya na pumba na chumvi, Sista akalamba mpaka chini. Na niseme ukweli wote: wakati analamba, nilikuwa namwangalia ndama. Nilishamchagulia na mahali pa kufungwa.

Kesho yake Romana alikuja anakimbia, kanga mkononi.

"Umeshuka! Jamani, umeshuka!"

Tulikwenda wote saba kutazama. Kweli, ile robo ilikuwa imelegea. Sista anakula, harushi teke, anatutazama kwa macho yale ya kitawa. Romana akanikumbatia mbele za watu akasema mimi ni daktari niliyekosa shule tu. Nikajisikia. Arobaini nyingine siku hiyo, na arobaini siku ya tatu, tuukate mzizi. Kukamua kila saa nani atahangaika, na uvimbe haupo? Romana akawa anakamua asubuhi na jioni kama zamani. Mabonge yaliendelea kutoka. Tukasema ni uchafu wa mwisho.

Siku ya tatu jioni Ngusa alipita, akamkuta Romana bandani, mimi nimesimama mlangoni.

"Mnaendeleaje na vita?"

"Vita imeisha, mtani," nikasema. "Kalale."

Akaingia bila kukaribishwa, akachuchumaa, akapeleka mkono kwenye kiwele. Akakaa hivyo kwa muda. Kisha akashika robo ya pili, akarudi ile ya kwanza.

"Ni baridi," akasema.

"Ulitaka iwe jiko?" nikamjibu. Romana akacheka. Ngusa hakucheka, lakini kwa mtani kutocheka nako ni sehemu ya mchezo, na sisi tukaendelea kucheka hadi alipotoka.

Asubuhi Sista hakusimama. Alikuwa amelala ubavu, masikio baridi, pumzi fupi fupi. Ile robo ya kiwele ilikuwa imebadilika rangi, bluu inayokaribia weusi, na chuchu yake ukiibana inatoka kitu kama maji yaliyooshewa nyama. Harufu sitaisema. Ndama alikuwa anamzunguka, anagonga tumbo kwa pua, anatafuta.

Yotham alifika saa nne, vumbi la Kasekese bado lipo kwenye pikipiki. Uwanja wa Romana ulikuwa umejaa, maana watu walipokosa chai kwangu walihamia huko. Akatandaza kitambaa cheusi juu ya kikombe, akakamulia pale kila chuchu kwa zamu. Tatu zilitoa maziwa membamba. Ya nne iliacha juu ya kitambaa vipande vyekundu na ngozi ngozi. Akapima joto, akapima tena.

"Amemeza nini huyu?"

Akageuka kututazama.

"Siulizi kwa ugomvi. Wadudu wa kiwele wanaingia kwa tundu la chuchu. Wakiingia, mwili unatuma askari kutoka kwenye damu. Askari wakija wengi panavimba, panakuwa moto, panauma. Yale mabonge kwenye maziwa, mengi ni maiti za hao askari, wamekufa kazini. Ukikamua mara kwa mara unawatoa pamoja na wadudu wenyewe, nami nikija na sindano nawaongezea nguvu askari walio hai. Ng'ombe aliyezaa juzi askari wake ni wachache tayari, wamechoka na uzazi. Huyu uvimbe wake umeondoka ghafla na ugonjwa umebaki. Hilo haliji lenyewe. Kuna kitu kimewaambia askari waweke silaha chini. Alipewa nini, na nani alimpa?"

Watu walinitazama, wakaanzia miguuni. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno tangu nibatizwe, nilitazama kile kitambaa.

"Mimi," Romana akasema. "Nilimpa deksa. Mimi mwenyewe."

Alisema akiwa amepiga magoti, mkono kwenye shingo ya Sista, hata hakugeuka. Nilikuwa na nafasi. Neno moja tu, mbele ya wale wale waliokuwa uani kwangu siku ile na wanaojua kila kitu. Nikaona Yotham anaandika kwenye daftari lake, nikajiambia ameshaandika, basi.

Alimchoma sindano mbili, akatundika chupa ya maji. Saa nane Sista akanyoosha shingo, akafa.

Yotham alisema nyama isiliwe, kwa ugonjwa na kwa dawa. Ngusa ndiye aliyekuja na majembe na watu wa kwake. Kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Watu walikuwa wanamsubiri aanze, angalau pumzi ishuke. Alichimba mpaka shimo likamfika mabegani. Alipotoka alimpa Romana pole kama mtu yeyote, kwa mikono miwili, akaenda zake. Jioni yake alileta maziwa kwenye kibuyu, yaliyokamuliwa kwa ng'ombe wake watatu, kwa ajili ya ndama.

Ndama hakujua ndoo. Romana alimfundisha kwa vidole: unachovya kwenye maziwa, unampa anyonye, unashusha mkono taratibu mpaka pua iingie ndani. Kutwa nzima yuko bandani peke yake na yule mtoto.

Jumapili baada ya misa kikundi kilikaa. Agatha, mwenyekiti wetu, mama mpole asiyependa makelele, alisoma kanuni. Ng'ombe amekufa kwa mikono ya mwenyewe, amekiri mbele ya afisa. Ndama jike wa kwanza ni wa anayefuata. Romana anarudi mwisho wa orodha. Wanaokubali? Mikono ikapanda. Wengine walikuwa wananiangalia wakati wanaipandisha, na wangu ulikuwa mapajani, si juu, si popote.

Romana alimleta ndama mwenyewe jioni ile, kamba shingoni.

"Mfunge."

"Romana, rudi naye. Nitawaambia kikundi."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba dawa ilikuwa yangu."

"Wanajua." Alinikabidhi kamba. "Mbele ya Yotham, ndipo nilipokusubiri. Nilikuachia nafasi hata baada ya kusema. Sasa hivi ukisema, unasema kwa ajili yako."

"Niliogopa."

"Najua, Mama Edgar."

Miaka ishirini ananiita Yustina.

Nilijaribu vidole vyangu. Ndama alivinusa, akageuza kichwa. Nilijaribu usiku, nikajaribu alfajiri, tumbo lake likawa limeingia ndani na mimi nalia peke yangu na ndoo. Asubuhi Romana akatokea na maziwa ya Ngusa. Sikujua nani alimwambia. Alipita uani, akachuchumaa, akachovya vidole, ndama akanyonya kwa pupa mpaka mkia unatikisika. Kisha akaondoka. Jioni akaja tena.

Akaja wiki mbili. Asubuhi na jioni, bila salamu, bila kukaa. Wale wengine hawakuja kabisa, na hilo sikulilaumu. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni nikimtazama mgongo. Nilijifunza hatua zake, nikawa nafagia banda kabla hajafika ili asikanyage uchafu.

Jana asubuhi alitua ndoo, akakunja mkono wa gauni. Kabla hajachovya, ndama alisogea, akaingiza pua mwenyewe, akanywa. Alikunywa mpaka ndoo ikalia tupu.

Romana alibaki amechuchumaa, vidole vikavu. Baadaye akasimama, akaniachia ndoo miguuni.

"Ameshajua," akasema.

Jioni maziwa aliyaleta Ngusa.