Moshi wa Mzee Manasseh

Saa nne, wakati wa mapumziko, Nyanchama wa kidato cha nne alisimama nyuma ya vyoo vya shule akawasha sigara. Majani ya mpera yalikuwa mfukoni, ya kutafuna baadaye kuua harufu. Alivuta mara tatu. Moshi ulipanda hadi kimo cha mtu, ukakataa kwenda zaidi, ukawa baba yake.

Muhula ule wa 1994, pale Manga, hilo halikuwa jambo la kupigia kelele. Moshi wa kila msichana ulichukua umbo la aliyemtia sigara mdomoni mara ya kwanza. Wa Sharon ulikuwa binamu yake wa Nairobi, suruali pana na yote. Lakini huyu alikuwa Mzee Manasseh, mzee wa kanisa la Kisabato, mtu anayelima chai asiyoionja kwa ajili ya imani. Kofia yake ilikuwapo, na kidole chake kilichopinda. Ulikuwa moshi mzuri, jamani, hata wasichana wa kidato cha kwanza wakauamkia.

"Kumbe ni mzee?" Sharon alinong'ona.

"Ni yeye. Tangu nikiwa na miaka sita. Anajificha kwenye migomba, ananituma jikoni nimwashie kwa moto wa kuni. Na sigara haishiki usipoivuta."

Mwalimu wa zamu alimpeleka Nyanchama ofisini pamoja na moshi wake. Moshi uliinama mlangoni. "Bwakire, mzee," mwalimu mkuu, Bi. Persis, aliusalimu asubuhi njema, akausogezea kiti. Kisha akatuma mtu kijijini Birongo kumwita Manasseh mwenyewe.

Alifika alasiri kwa baiskeli, akaketi mkabala na moshi wake. Walipeana heshima kwa kichwa.

"Mzee, mtihani umebakiza wiki mbili," Bi. Persis alisema. "Kama mtoto alifunzwa nyumbani, nitamwadhibu tu, atafanya mtihani. Kama alijitafutia mwenyewe, anafukuzwa leo. Sasa, nani alimfunza?"

Moshi uliinua mkono.

Nyanchama alimtazama baba yake. Miaka minne ya karo na ya kukesha na vitabu ilikuwa mdomoni mwa yule mtu.

"Mimi sijui," Manasseh alisema, mikono mfukoni. "Huyu ni mkaidi tu."

Bi. Persis aliutazama ule mkono wa kijivu uliokuwa bado juu, bila kutetemeka. Katika miaka yake yote ya ualimu hakuwa ameona mzazi muungwana kiasi kile.

"Moshi hauwezi kutia sahihi," alisema kwa huzuni, akampa Manasseh kalamu na barua ya kumfukuza mtoto. Akatia.

Sabato iliyofuata moshi ulikuja kanisani, ukakaa benchi la nyuma kando ya Nyanchama. Akina mama walisogea kuupa nafasi. Mbele, Mzee Manasseh aliwaombea watahiniwa mmoja mmoja kwa jina, kwa sauti nzito iliyowatoa watu machozi. Jina la binti yake alilipita. Nyanchama alisema amina pamoja na wengine.

Siku ya karatasi ya kwanza, saa mbili asubuhi, wenzake walipokuwa wakiandika majina yao, Nyanchama alikuwa shambani, kikapu mgongoni, akichuma chai. Moshi ulikuwa ukimchumia mstari wa pili.