Kisu cha Kukunja cha Mzee Anaeli

Mume wangu Melkiori alivunja kisu cha baba yangu kwa kufungulia kopo la rangi. Sisemi alikiazima. Alikichukua mezani, mzee mwenyewe amekaa pale pale, akaenda nacho ofisi ya Tawi la Chama ambako walikuwa wanapaka milango rangi kwa ajili ya ugeni. Akarudi nacho kimekatika ncha, mpini umelegea, rangi ya kijani imeingia hadi kwenye bawaba.

"Samahani, baba, nitakununulia kingine," akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kuwaahidi watu wa nyumba zake kumi kwamba sukari inakuja.

Baba akasema si kitu. Tangu siku hiyo hakugusa nyama nyumbani kwangu. Nikiweka bakuli mezani anakula ugali na mchuzi, anashukuru, ananawa.

Kwetu Machame mwanamume huenda kwenye nyama na kisu chake mfukoni. Anakitoa, anakata chake, anakifuta, anakirudisha. Anayekatiwa ni mtoto au mgonjwa. Baba yangu, Mzee Anaeli, hakuwa mtoto, na huo ugonjwa hakutaka tuujue. Lakini nilikuwa naujua. Akimimina chai alitumbukiza kidole kikombeni kupima imefika wapi. Asubuhi moja alilisalimu koti la Melkiori lililotundikwa mlangoni, akalisubiri liitikie. Nilipomwuliza habari ya macho, aliniambia taa za Dar es Salaam zina giza. Saa nne asubuhi hiyo, jua linawaka!

Jumatatu alikuwa apande basi arudi nyumbani. Nilijua akifika bila kisu, wenzake watamkatia nyama kwa heshima, na akishakatiwa mara moja hatakata tena maisha yake. Wazo hilo lilininyima usingizi.

"Mimi nitamkatia, kwani kuna nini?" Melkiori akaniambia chumbani.

"Jaribu," nikamwambia, "utalala huko huko ofisi ya Tawi."

Basi Jumamosi tukaenda Kariakoo. Kutoka Magomeni tulikwenda kwa miguu, maana basi lilipita limeinama upande mmoja kwa watu. Na mume wangu alivaa Kaunda suti ya kijivu, pasi imenyooka, beji ya Chama kifuani. Nilimsihi avae shati. Ule ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, mwaka wa msako wa walanguzi, wakati mtu aliogopa kukutwa na katoni ya sabuni kuliko kukutwa na maiti. Nani atamfungulia sanduku mtu mwenye beji?

"Kiongozi haendi mjini kama mchunga mbuzi," akanijibu. Huyo ndiye balozi wangu wa nyumba kumi.

Tulianzia duka la ushirika. Kisu kilikuwepo, namshukuru Mungu, ndani ya kabati la kioo, cha kukunja, kizuri. Dada wa dukani akasema hakiuzwi.

"Kwa nini?"

"Ni cha maonyesho. Kipo kimoja. Nikikuuzia, kabati litabaki tupu."

"Na vya kuuza viko wapi?"

"Vya kuuza hakuna."

Melkiori akatikisa kichwa, akasema dada anafuata utaratibu. Nilitamani kuvunja kile kioo kwa kichwa chake.

Tukaenda kwa Tarsis, mtu wa Marangu, mwenye duka la jumla karibu na soko. Huyu ananijua, tunasali kanisa moja. Aliponiona akatabasamu, alipoiona beji nyuma yangu tabasamu likarudi lilikotoka. "Visu? Mama, mimi siku hizi nauza kanga tu." Alisema hivyo amesimama kati ya majembe na sufuria. Duka lililofuata lilifungwa tukiwa bado barabarani. La baada ya hapo, mwenyewe aliniletea kiti, akaniletea soda ambayo sikuomba, akaapa kwa Mungu hajawahi kuona kisu cha kukunja tangu azaliwe.

"Mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama," Melkiori akaniambia tukitoka, akicheka, eti ananiliwaza.

Nikasimama pale pale katikati ya watu. "Melkiori, nenda kanywe kahawa. Yule pale mzee wa kahawa. Kaa, wape watu siasa, na usinifuate."

Akaenda amenuna. Mimi nikashika Mtaa wa Msimbazi peke yangu, miguu inawaka, hasira imenikaba, nikaingia kwa Hamud, Mwarabu mmoja mnene anayeuza misumari na kufuli. Mkewe Bi Saadiya alikuwa amekaa juu ya kreti, anajipepea. Nikawaamkia, nikasema nataka kisu cha kukunja cha mzee, cha kutembea nacho kila siku, kisiwe cha bei ya kuniua.

Hamud akachungulia nje, kushoto na kulia. "Uko peke yako?"

"Niko peke yangu, na nimechoka."

Bi Saadiya akainuka, akafunua kreti aliyoikalia.

Walinitolea vitatu. Cha kwanza kinang'aa kama kioo, kina uma, kijiko, kizibuo, na kimsumari sijui cha nini. Angekuwepo Melkiori angekinunua hapo hapo. Cha pili cha Kichina, mpini mwekundu wa plastiki, rahisi, chepesi. Cha tatu hakikuwa na umbo la kumvutia mtu: mpini wa mti mtupu, na shingoni pete ya bati inayozunguka.

"Chukua hicho cha kung'aa," Hamud akasema, "mzee atafurahi kukiona."

Kukiona. Nikafumba macho.

"Mama, unaumwa?"

"Niache kidogo."

Nikakishika cha kung'aa. Nilivuta kwa ukucha, ukatoka uma. Nikavuta tena, kikatoka kile kimsumari kikanichoma. Nikakiweka. Cha Kichina kilifunguka vizuri, lakini nilipobonyeza mgongo wa wembe juu ya meza, kikajikunja kunirudia vidoleni, na kama nisingeutoa mkono upesi ningeacha damu pale. Cha tatu kilikuwa kigumu kidogo. Ukucha ulipata mfereji wake mara moja. Nikakifungua, nikaizungusha pete, ikaingia mahali pake, nikabonyeza mgongo kwa nguvu zangu zote. Hakikutikisika. Nikakifunga, nikakifungua tena, nimefumba macho, Hamud akimnong'oneza mkewe kwamba leo tumepata mwendawazimu.

"Nyamaza wewe," Bi Saadiya akamwambia. "Huyo mzee wake haoni."

Nikafumbua macho. Tangu baba aje mjini, huyu alikuwa wa kwanza kulisema kwa mdomo, mtu nisiyemjua.

Tulikuwa katikati ya kupatana bei, bei ambayo hakika haikuwa ya serikali, Melkiori alipotokea mlangoni. Beji mbele, yeye nyuma.

Bi Saadiya alirudi kwenye kreti kwa wepesi ambao sikuutegemea. Hamud akainua mikono. "Ndugu kiongozi, mimi siuzi kitu. Mama huyu ameniuliza njia tu."

Melkiori akatazama kisu mkononi mwangu. "Kiasi gani hicho?" Hamud akazidi kuinua mikono. "Ndugu, utatoa stakabadhi?"

Hapo maji yakazidi unga. "Stakabadhi?" nikasema. "Stakabadhi ya kisu ulichokivunja iko wapi? Mzee wa watu amekaa kwangu anakula mchuzi siku zote hizi, wewe unadai stakabadhi! Mkamate basi. Mkamate Hamud, unikamate na mimi, halafu nenda nyumbani ukamweleze baba."

Watu wawili wakasimama nje kutazama. Melkiori alitazama viatu vyake, akamtazama Hamud aliyekuwa bado ameinua mikono, akanitazama mimi. Nafikiri ndiyo siku aliyoelewa, maana alikuja karibu, akagusa ile pete.

"Inakaza vizuri?" akauliza polepole.

"Inakaza."

"Mlipe," akasema, akatoka nje kuwaambia wale wawili waendelee na safari zao.

Jumapili nilichoma paja la mbuzi lililopatikana Buguruni kwa njia ambazo balozi hakuuliza. Nikakiweka kisu mezani karibu na mkono wa baba. "Baba, kisu chako hicho."

Akakipapasa. Ukucha ukapata mfereji. Akakifungua, vidole vikakutana na pete, vikatulia, kisha vikaizungusha. Akabonyeza mgongo wa wembe kama nilivyobonyeza mimi. Melkiori akanyoosha mkono kumsogezea nyama, nikampiga kofi la kidoleni.

Baba akaitafuta nyama mwenyewe, akakata. Kipande kilitoka kikubwa upande mmoja, chembamba upande mwingine. Akala. Akakata tena, akala, mafuta yakamtiririka kidevuni, na mimi nikawa nimesimama kama mjinga na bakuli la kachumbari.

"Nani amekichagua?"

"Mimi, baba. Nilifumba macho."

Akaacha kutafuna. Melkiori akaanza kukohoa, akasema anakwenda kutazama mkaa. Baba akakata kipande kingine, akanyoosha mkono hewani mpaka ulipokutana na wangu, akakiweka kiganjani.

"Theopista," akasema, "mama yako asijue."

Nikamwambia hatajua. Ningesema nini? Krismasi iliyotangulia mama alinivuta nyuma ya zizi, akaniambia: mwite baba yako mjini umtazame macho, amekwisha, ila asijue kwamba mimi najua.