Taa ya Buti

Gari lilikataa tena. Muigai alizungusha ufunguo, stata ikalia tk, tk, kama kuku anayedonoa bati, halafu kimya. Akangoja kidogo, akazungusha tena. Safari hii hata ile tk haikuja.

Mkewe, Mwihaki, alikuwa jikoni akichuja chai. Kila sauti ya pale uani aliisikia vizuri kwa sababu alikuwa akiingojea. Gari liliponyamaza, alishusha pumzi. Leo hatatoka.

"Mama Kui!" Muigai aliita. "Njoo uone. Moto umeisha wote."

Alitoka akijipangusa mikono kwa aproni. Mumewe alikuwa ameshafungua boneti na kuinamia injini, mikono nyuma, kama daktari aliyefika mapema kuliko mgonjwa. Miaka thelathini na minane aliendesha magari ya kanjo, yaani baraza la jiji, na kofia ya kazi bado aliivaa kila asubuhi, japo hakuwa tena na abiria wa kubeba.

"Jana uliichaji betri mpaka jioni," Mwihaki alisema.

"Si ndiyo nashangaa! Mchana inashika moto vizuri. Ikilala tu, asubuhi imekauka. Kuna mahali inavuja."

Ploti yao hapa Kabiria ina vyumba sita vya wapangaji, na wote walishajua habari ya betri ya mzee. Obuya wa chumba cha nne, anayeuza viatu vya mtumba mjini, alipita na gunia lake begani.

"Mzee, hii gari yako ni ya kanisa gani? Mchana imeokoka, usiku inakunywa!"

"Wewe cheka," Muigai alimjibu. "Nitaishika. Hakuna gari imewahi kunificha ugonjwa."

"Uza, mzee. Nitakupatia viatu pea mbili, ya kushoto na ya kushoto."

Wakacheka wote wawili. Mwihaki naye alicheka, maana asingecheka angeulizwa kwa nini.

Ugonjwa wa lile gari aliujua yeye. Ulikuwa kiswichi kidogo cha plastiki, upana wa kucha, kwenye taa ya buti, kule nyuma panapowekwa mizigo.

Mambo yalianzia mwezi wa tatu. Muigai alitoka kumpelekea binti yao Kui viazi kule Kinoo, mwendo wa nusu saa kama njia haijafungana. Saa mbili zikapita, nne zikapita. Kui akapiga simu kuuliza viazi viko wapi. Mwishowe simu ilitoka kwa mwanamke wasiyemjua, wa Woodley. Alisema kuna mzee nje ya geti lake, anapiga honi tangu saa nane, anataka mkewe amfungulie. Woodley ndiko walikoishi enzi za kanjo, walipokuwa vijana. Walihama kabla Kui hajaanza shule.

Hilo Mwihaki angelimeza. Lakini baadaye walijua kwamba kabla ya kupotea alikuwa amefika Kinoo kweli, na hapo kando ya barabara kioo cha pembeni cha gari kilimpiga mtoto wa shule mkoba, mtoto akaanguka. Alichubuka goti tu. Waliomuona dereva walisema hakusimama, wala hakuonekana kujua.

"Mama, mnyang'anye funguo," Kui alisema. "Leo leo. Unangoja aue mtu?"

Mwihaki alizishika zile funguo mara mbili, na mara mbili akazirudisha kwenye msumari. Atamwambia nini? Kila alipomweleza ya Kinoo, Muigai aliinamisha kichwa kwa aibu, na kesho yake aliamka hakumbuki lolote, ikabidi aibu ianze upya. Kumnyang'anya funguo kila siku, wapangaji wakitazama, ni sawa na kumvua nguo uani.

Ndipo alipokumbuka taa ya buti. Wakiwa bado Woodley, aliwahi kuiacha ikiwaka usiku kucha, na asubuhi Muigai akachelewa kumchukua mkubwa wake. Hakumgombeza. Alimwita kwenye gari, akachukua globu ndogo yenye nyaya mbili, akamwonyesha. Ukitoa waya wa betri na kuweka globu hapo katikati, globu ikiwaka, ujue kuna kitu kinakunywa moto. Unatoa fyuzi moja moja, kila fyuzi na kazi yake. Ile ambayo ukiitoa globu inazima, hapo ndipo mwizi amejificha. "Hata wewe unaweza," alimwambia. Walikuwa na miezi minne tu katika ndoa.

Sasa yeye ndiye aliyekuwa mwizi. Chakula cha kuku walikiweka kwenye buti ili panya wasikifikie, na ni yeye peke yake aliyekichota. Jioni akishachota, alisukuma kiswichi mpaka kwenye kuwaka, akashusha mlango, akafunika gari kwa turubai. Alfajiri akirudi kuchota, alikizima. Betri ilikuwa nzee kama wenyewe, haikuhitaji zaidi ya hapo, na kuichaji upya kulimaliza mchana wote. Muigai akija kupima mchana, globu haiwaki. Alipima wiki saba.

Siku hiyo baada ya chai alikaa sana kwenye kiti chake cha plastiki akilitazama gari. Halafu akapiga paja.

"Mimi ni mjinga, Mama Kui. Mwizi wa usiku namtafuta mchana! Leo nitaichaji, halafu nitapima jioni, kuku wakishaingia."

"Jioni kuna baridi. Kifua chako."

"Nitavaa koti."

Mwihaki alijua la kufanya: asiguse kile kiswichi leo. Lakini ilipofika saa kumi na mbili, mkono wake ulifanya kazi uliyoizoea. Alichota, akasukuma, akashusha mlango, akafunika. Alikumbuka akiwa tayari kwenye banda la kuku, na alipogeuka, Muigai alishafika mbele ya gari na spana, ameshafunua turubai upande wa boneti.

Alipanga vitu vyake polepole. Kiswichi cha mlango wa dereva alikibana kwa selotepu ili taa ya ndani isimdanganye. Alitoa waya wa betri, akafunga globu. Globu ikawaka, nyekundu, ndogo, wazi kabisa.

"Haya!" Muigai alipiga kelele. "Nilikuambia nini? Nilikuambia nini, Mama Kui? Ndiyo hii!"

Alifurahi kama kijana. Mwihaki hakukumbuka mara ya mwisho kumwona hivyo.

"Sasa wewe simama hapa, uitazame. Fyuzi ziko chini ya usukani, nikiwa kule siioni. Nitakuwa nakuuliza. Wewe ni macho yangu, sawa?"

"Sawa."

Akaingia kichwa chini, miguu nje, soksi moja ya bluu na moja ya kahawia.

"Ya kwanza. Bado inawaka?"

"Bado."

"Nimeirudisha. Ya pili?"

"Bado."

"Ya tatu?"

"Bado."

Ya nne, bado. Ya tano, globu ikazima.

"Mama Kui? Bado inawaka?"

Mwihaki alitazama kile kioo cha globu kilichokuwa cheusi. Akisema imezima, Muigai atajua ni taa za ndani, ataenda kwenye buti, atazima swichi, na kesho gari litawaka saa mbili asubuhi. Na barabara ya Kinoo imejaa watoto wa shule saa mbili asubuhi.

"Bado," alisema.

"Hm." Miguu ilijisogeza kule nje. "Nilidhani ni hiyo. Haya, ya sita?"

Fyuzi ya tano ilikuwa imerudi mahali pake, na globu ilikuwa inawaka tena. "Bado." Safari hii ilikuwa kweli. Ya saba, ya nane, mpaka ya kumi na tano. Sauti ya Muigai ilizidi kupungua, na ile ya mwisho hakuiuliza kwa maneno, alitoa tu kichwa nje akamtazama. Mwihaki akatikisa kichwa.

Muigai akaja, akasimama mbele ya globu. Iliwaka tu, kama inamcheka.

"Haiwezekani," alisema. "Moto hauwezi kupita mahali pasipo na fyuzi, labda waya umechubuka. Na waya za hii gari nimezifunga mimi." Aliketi chini, kwenye mchanga, mgongo kwenye gurudumu. "Ama nimetoa moja mara mbili. Ama nimesahau kuhesabu. Kui alisema, sivyo? Niliwasikia kwa simu. Alisema baba ameisha."

"Hakusema hivyo."

"Hata kama hakusema." Aliangalia viganja vyake vyenye grisi. "Kichwa kinaweza kwenda, Mama Kui, najua kinaenda. Mimi si mtoto. Lakini mikono? Nilidhani mikono itanibakia."

Machozi yalimtoka bila sauti. Katika ndoa yao yote, Mwihaki alikuwa amemwona akilia mara moja tu, siku walipozika mtoto wao wa kwanza.

Akaketi kando yake kwenye mchanga, aproni ikiwa bado kiunoni.

"Baba Kui. Ile ya tano."

"Ya tano nini?"

"Ulipoitoa, globu ilizima."

Muigai aligeuka polepole. "Nilikuuliza, ukasema bado."

"Nilisema. Nilikudanganya. Ni taa ya buti. Mimi ndiye naiwasha kila jioni."

Alinyanyuka kwa kushika gurudumu, akaenda nyuma, akavuta turubai, akainua mlango. Mwanga wa manjano ukamwagika juu ya gunia la chakula cha kuku. Aliutazama muda mrefu. Akasukuma kiswichi. Mbele, globu ikazima.

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya Kinoo."

"Kinoo kulikuwa na nini?"

Mwihaki akamweleza tena, mara ya tisa au ya kumi. Viazi. Geti la Woodley. Mtoto na mkoba. Hakupunguza kitu.

"Mtoto aliumia?"

"Goti. Goti tu."

"Goti tu," Muigai alirudia. Akafuta uso kwa mkono wa koti. Halafu akasema jambo ambalo Mwihaki hakulitegemea. "Kwa hivyo ya tano ilikuwa ndiyo. Mikono ilikuwa sawa."

"Ilikuwa sawa. Ungeshaishika zamani, ni vile umeoa mwongo."

Alicheka, kicheko kifupi. "Na nilikufundisha mwenyewe."

"Ulinifundisha."

Akaomba spana namba kumi. Alifungua betri kwa mkono wake, nati baada ya nati, akaiinua, akaiweka chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Akamwita Obuya, akamwambia abebe, imsaidie taa stima ikipotea. Obuya alitazama nyuso zao, na mzaha uliokuwa mdomoni ukarudi ndani. "Asante, mzee," alisema tu.

Muigai akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha mkewe, akamkunja vidole.

"Nikikuuliza kesho, usinipe. Hata nikikasirika. Umesikia?"

"Nimesikia."

Usiku huo Mwihaki alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Alfajiri aliwachotea kuku na hakugusa swichi.

Jua lilipotoka alimsikia uani. Msumari wa funguo ulikuwa mtupu, lakini milango ya gari huwa haifungwi.

"Mama Kui! Njoo ushike hapa."

Alitoka. Muigai alikuwa amevaa kofia yake, boneti iko wazi, globu mkononi. Waya mmoja ameushikiza kwenye waya wa betri, mwingine kwenye bati pale ambapo jana palikuwa na betri. Pengo lile lilikuwa wazi kama mdomo uliong'olewa meno, na dereva wa miaka thelathini na minane kazini alikuwa akiliinamia bila kuliona.

"Kuna mahali inavuja moto," alimwambia. "Leo nitaishika. Inawaka?"

Mwihaki alishika globu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa aproni, unamgusa paja.

"Haiwaki, Baba Kui."

"Unaona? Mchana haina shida. Huyu mwizi anakuja jioni."

"Naona."

"Basi jioni. Utakuwa macho yangu, sawa?"

"Sawa," Mwihaki alisema, na akaendelea kuishika globu vilevile, mpaka Muigai mwenyewe alipomwambia anaweza kuiachilia.