Mkono wa Breki Uliomwagwa Kwenye Mchanga Mbichi

Maneno yalianzia gulioni Mlola, yakamganda Esteria: eti mikono ya breki anayotengeneza fundi Nassoro kwa kuyeyusha masufuria mabovu inakatika ukiibana mteremkoni. Na binti yake Yusta, dereva wa bodaboda, alikuwa amefungiwa mmoja juzi. Leo alitakiwa kushusha kabichi hadi Magoma.

"Shikamoo mama. Mbona umeikalia pikipiki yangu?"

"Marahaba. Huendi."

"Kabichi zinaninyaukia! Siku hizi wambea ndio mainjinia?"

"Niite mbea. Sishuki mpaka twende kwa huyo fundi."

Waliikokota pikipiki hadi karakana yake kando ya gulio, Esteria kafutika kwenye kanga mkono wa zamani wa kiwandani, uliopinda Yusta alipoanguka. Walimkuta Nassoro akimimina aluminiamu iliyoyeyuka. Mchanga wa kalibu, lile umbo la kumiminia, ulifuka mvuke na kuchemka.

"Fundi, mchanga mbichi hivi?"

"Ukungu wa huku, mama. Nikisubiri ukauke nitakula nini?"

Esteria alitaka mkono mpya ufunguliwe kwenye pikipiki. Akaulaza juu ya jiwe, akaupiga nyundo. Ukakatika vipande viwili, na ndani umejaa vijitundu kama kitumbua.

"Kwa nyundo hiyo hata jiwe lingepasuka!" Nassoro alifoka.

"Basi piga na huu wa kiwandani."

Akapiga. Ukazidi kupinda, haukukatika. Yusta, aliyekuwa akimcheka mama yake, akaacha kucheka.

Nassoro alieleza kwa shingo upande: kiwandani aluminiamu husukumwa kwenye kalibu ya chuma, ikapoa haraka na kushikana, vifaa vingine huokwa tena na kupozwa kwa kipimo, vikakomaa. Yeye huchanganya sufuria na pistoni, humwaga, huuza.

"Lete huo uliopinda, niupashe moto niunyoshe. Bure."

"Moto wa kukisia? Utakuwaje?"

Fundi akakuna kichwa. "Unaweza kulegea."

"Basi hauingii motoni. Na hii mingine usimuuzie mtoto wa mtu."

"Mama Yusta, unaniharibia biashara!"

"Naiharibu, tena hadharani."

Yusta alidandia gari la mboga kwenda Lushoto kutafuta mkono wa kiwandani. Esteria akashika mkaa, akaandika kwenye ubao wa gulioni, huku Nassoro akimkodolea macho:

Usifunge breki iliyomwagwa kwenye mchanga mbichi.
Usinunue mkono wa masufuria na pistoni zilizochanganywa.
Usinyoshe mkono wa breki kwenye moto wa mkaa.
Usipande pikipiki yenye mkono uliopinda au wenye ufa.
Usinyamaze kwa kuogopa kuitwa mbea.