Vidole Viwili vya Shangazi

Shangazi Margareth akiingia mahali, ukoo mzima wa kina Cornelia ulikunja miguu. Haikuwa adabu. Walikuwa wanaficha visigino.

Nyumbani kwake Mwimbi, ndugu akifika lazima aletewe beseni la maji ya moto, maana baridi ya Ufipa haina mzaha, na shangazi mwenyewe ndiye aliyewaosha miguu. Aliosha huku akipiga soga za mahindi na ulezi, halafu akifika nyuma, pale juu ya kisigino, anapabana kwa vidole viwili. Kwa wengi soga iliendelea. Kwa wachache alinyamaza ghafla. Alinyamaza kwa kaka yake Yohanes, baba yake Cornelia, na mavuno hayakuisha kabla Yohanes hajaanguka shambani na kisu cha kuvunia ulezi mkononi. Miaka baadaye alinyamaza kwa Eustaki, mtoto wa kwanza wa Yohanes, na Eustaki akadondokea gunia la mahindi pale Chala, kijana aliyekuwa na nguvu za kubeba ng'ombe. Misibani shangazi hakulia. Alikaa pembeni, mikono kaificha ndani ya kitenge.

Na Sumbawanga unaijua: ukipiga chafya tu, jirani ameshamjua aliyekutumia uchawi. Shangazi akapewa jina ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake. Cornelia, fundi cherehani mwenye chumba chake mjini, alijifanya wa kucheka mambo hayo, lakini tangu amzae Jenifa alihakikisha mtoto hakanyagi Mwimbi. Miaka saba, na kila akiulizwa, mtoto ana mafua.

Ndipo Flavian, kaka yake pekee aliyebaki, alipopatwa na shambulio la moyo, na hata miaka arobaini hajatimiza. Huyu alipona chupuchupu. Damu yake ikakutwa na mafuta kupita kiasi, na hospitali ikamwita dada yake. Cornelia akaenda roho juu juu.

Daktari Anyosisye, binti wa Mbeya mwenye sauti ya upole, alimsikiliza, kisha akamwomba avue kiatu. Akachuchumaa. Akapeleka mkono nyuma ya mguu, juu ya kisigino, akabana kwa vidole viwili.

Akanyamaza.

Cornelia aliuvuta mguu kwa nguvu hadi stuli ikaanguka.

"Nani kakufundisha hivyo?"

Daktari alishangaa, akajibu kwamba ni chuoni. Akamweleza taratibu kwamba ziko familia ambazo mzazi humrithisha mtoto hitilafu kwenye vinasaba, na mwili ukashindwa kuondoa mafuta kwenye damu. Mafuta hayo huziba mishipa ya moyo, na mara nyingine hujirundika kwenye kano ya kisigino ikanenepa. Lakini vidole pekee havitoshi, damu yake itapelekwa Dar es Salaam kupimwa vinasaba. Vidonge vya kuyashusha vipo. Na kama Cornelia anayo, Jenifa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nayo, kwa hiyo naye aletwe.

Kesho yake Jenifa akatolewa damu. Majibu yangechukua wiki kadhaa, na Cornelia hakuwa na moyo wa kuyasubiri. Alimpapasa mtoto visigino akiwa usingizini, asijue hata anatafuta nini. Mwishowe akamchukua hadi Mwimbi, kwa mtu yule yule aliyemkimbia miaka yote.

Shangazi aliitikia shikamoo zao, akamtazama mtoto, na hakuchemsha maji. Alirudisha mikono ndani ya kitenge.

Cornelia akapiga magoti. "Mshike, shangazi. Niambie tu."

"Simshiki. Nimechoka kujua, mwanangu."

Basi Cornelia akamsimulia yote, kuanzia Flavian hadi stuli iliyoanguka. Shangazi alisikiliza bila kupepesa macho mpaka lilipotajwa neno vidonge. Akauliza kama kweli kuna dawa. Akauliza tena. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna ndugu aliyewahi kuliona: akavua soksi, akanyoosha mguu.

"Shika wewe."

Cornelia akashika. Nyuma ya mguu ule mkavu kulikuwa na kano nene, ngumu, yenye vinundu kama tangawizi.

"Huu ndio nilioushika wa kwanza, nikiwa msichana," shangazi alisema. "Wa marehemu mama ulikuwa hivi hivi, naye alianguka ghafla. Ndiyo maana sikuolewa. Nikawa nawapapasa ninyi, natafuta wa kuondoka naye, nisiende peke yangu. Wakawa wananitangulia."

Cornelia alilia kwa aibu. Alikuwa amemwogopa mtu aliyeogopa kuliko wote.

Jenifa, ambaye hakuna aliyekumbuka kumkataza, alimbana bibi kisigino kwa vidole viwili, kisha akajibana chake.

"Mguu wangu mwembamba," akasema.

Cornelia nusura acheke kwa furaha.

"Hata wangu ulikuwa mwembamba," shangazi akasema, "nilipokuwa kama wewe."

Majibu yalipotoka, walikwenda hospitali wote watatu, maana shangazi naye alitaka kutolewa damu. Cornelia anayo. Jenifa anayo. Daktari akamshika Cornelia bega, akamwambia yeye aanze vidonge leo, na mtoto atafuatiliwa hadi afike umri wa kuanza vyake, na kwamba anayeanza mapema anaweza kuzeeka kama watu wengine. Cornelia aliyashika maneno hayo kwa nguvu zote, kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika.

Wakakaa kwenye benchi kusubiri dirisha la dawa. Shangazi akaanza soga yake ya mahindi, jinsi yalivyokubali mwaka huu. Mbele yao akapita mama mmoja na kandambili zake, kabeba mtoto mgongoni.

Shangazi akanyamaza, katikati ya neno, macho kwenye visigino vya yule mama.

Cornelia akakunja miguu kwa mazoea. Halafu akainuka, akamkimbilia yule mama kabla hajafika mlangoni.

"Dada," aliita, "samahani, nisubiri kidogo."